Ng'ombe Kumi na Wanne kwa Vyumba Vinne

Marieta anaishi peke yake Buswahili, wilayani Butiama. Mume wake alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwanawe Bonifasi yuko Geita na hupiga simu Jumapili. Asubuhi Marieta hukamua ng'ombe, kisha hunywa chai. Siku nyingine saa sita mchana humkuta hajazungumza na mtu.

Siku moja alikuja Lameck, mdogo wa marehemu mume wake, kutoka Musoma.

"Shemeji, Bunda kuna nyumba inauzwa. Vyumba vinne vya kupangisha, milioni kumi na mbili. Uza ng'ombe, nunua."

"Wote kumi na wanne?"

"Wote. Nyumba haiumwagi ndigana ya kupe! Haihitaji mchungaji. Kila chumba ni elfu thelathini kwa mwezi. Kwa mwaka, milioni moja, laki nne na elfu arobaini. Dalali anataka jibu Ijumaa."

Marieta alihesabu vyumba kama anavyohesabu ng'ombe zizini: asubuhi vinne, jioni vinne. Aliwaza pia wapangaji wanne wakimsalimia.

Lakini ng'ombe hao ndio mali yake yote. Akamweleza jirani yake Pelagia, afisa maendeleo ya jamii wa kata.

"Mama Bonifasi, hayo ni mapato," alisema Pelagia. "Faida ni kitu kingine. Twende Bunda tukaulize, na dalali tusimwambie."

Kwenye nyumba ile walimkuta mpangaji akianika dagaa.

"Chumba cha mwisho kina mtu?" Pelagia aliuliza.

"Hakina, tangu Pasaka. Choo kikijaa watu wanahamaga."

"Nani analipa gari la kunyonya choo?"

"Mwenye nyumba. Akipokea simu!" Mama yule alicheka.

Pelagia akatoa daftari. "Tuseme kila chumba kinakaa tupu miezi miwili kwa mwaka. Unakosa laki mbili na elfu arobaini. Matengenezo ni laki mbili. Choo ni laki moja. Kodi ya jengo na nauli yako ya kuja huku, elfu sitini. Jumla ni laki sita. Ukitoa kwenye mapato, unabaki na laki nane na elfu arobaini."

"Si haba."

"Sasa gawanya bei ya nyumba kwa hiyo faida. Fedha yako itarudi baada ya miaka zaidi ya kumi na minne. Na miaka yote hiyo huna ng'ombe."

Marieta alitazama daftari. Kisha akasema, "Mimi nilitaka na watu."

"Watu wangekuwa Bunda, mama. Wewe ungekuwa Buswahili."

Njiani kurudi, Pelagia aliuliza, "Walimu wa sekondari yetu wanalala wapi?"

"Wengine wanakujaga na pikipiki kutoka mbali. Hakuna vyumba."

Jioni ile walipiga hesabu nyingine. Vyumba viwili kwenye kiwanja cha Marieta vingegharimu milioni tatu na laki nne, yaani ng'ombe wanne. Kodi ingekuwa elfu ishirini na tano kila chumba, laki sita kwa mwaka. Wakatoa laki moja ya miezi mitupu na laki moja ya matengenezo. Zilibaki laki nne. Fedha ingerudi kwa miaka minane na nusu, na ng'ombe kumi wangebaki zizini.

Ijumaa Marieta alimjibu dalali: hapana.

Aliuza ng'ombe wanne, akajenga. Vyumba vilipokamilika, kimoja alipanga mwalimu Happyness. Cha pili alipanga muuguzi wa zahanati. Kila mwezi Marieta aliweka pembeni sehemu ya kodi kwa ajili ya matengenezo.

Novemba muuguzi alihamishwa. Desemba Happyness alikwenda likizo. Uwanja ukawa kimya tena, na Marieta akanywa chai peke yake. Lameck akapiga simu.

"Shemeji, nasikia chumba kiko tupu! Si nilikuambia?"

"Kiko tupu miezi miwili sasa," Marieta alijibu. "Miezi hiyo imo kwenye hesabu. Fedha ya matengenezo nimeshaitenga, na ng'ombe wawili wamezaa. Wewe njoo Krismasi, tule."