Draivu ya Marehemu Honoré

Jioni ile ya Juni 2012 nilitoka kwetu mtaa wa Albert Park kwenda mtaa wa South Beach kutafuta kitu kimoja tu: draivu ya CD ya kompyuta ya zamani. Kule Jacobs, mtaa wa viwanda, nilishachakura vyuma chakavu vyote. Kila draivu niliyoipata ilikuwa mbovu.

Miaka mitatu nyuma nilimrekodi binti yetu Doudou akiimba, nikaiweka sauti kwenye CD, lakini kwa uvivu wangu sikuifunga CD ile kama fundi anavyopaswa. CD isiyofungwa, yaani isiyokamilishwa kuandikwa, haisomeki na kila mashine. Ilitaka draivu ya aina ileile iliyoiandika, na yangu ilikuwa imekufa. Doudou naye alikufa kwa homa ya siku mbili. Mke wangu Gracieuse hakuwa na sauti nyingine ya mtoto wake. Mimi, eti fundi, nikashindwa kumpa. Niliona aibu, jamani.

Kompyuta kama yangu alikuwa nayo fundi mwenzangu Honoré wa South Beach. Tulimzika wiki mbili kabla. Mjane wake, Mama Colette, alinifungulia chumba cha kazi cha marehemu.

"Papa Onesphore, bado hatujagawa vitu yake. Ngoja matanga iishe."

"Ni draivu tu, Mama. Nitarudisha."

"Basi umuombe yeye mwenyewe," akanong'ona. "Sema: Honoré, nipe. Kisha ungoje kidogo."

Nilicheka moyoni. Mtu mzima nizungumze na kiti kitupu? Sikio la kufa halisikii dawa. Alipoingia jikoni nikafungua skrubu nne, nikaificha draivu kwenye koti, nikaaga.

Mlangoni nikasikia harufu ya risasi ya kuchomelea nyaya... ya moto.

Hakuna aliyekuwa anachomelea.

Nyumbani nikaifunga draivu kwenye mashine. Gracieuse alikaa karibu yangu. CD ikaanza kuzunguka. Krrr... krrr...

Doudou akaimba.

Gracieuse alilia kwa furaha. Nami nililia, sifichi. Halafu wimbo ukakatika. Tukasikia kikohozi cha mtu mzima. Harufu ile ya risasi ikajaa chumbani.

"Papa," Doudou akasema taratibu, "huyu mzee ananishika mkono. Anasema twende."

Nikachomoa waya ukutani. Mashine ikazimika, lakini CD iliendelea kuzunguka... krrr... mpaka trei ikajitokeza yenyewe. Nilipoijaribu tena, CD ilikuwa tupu, kama imetoka dukani leo.

Tulikimbia kurudi South Beach, draivu mkononi. Mama Colette alifungua kabla hatujabisha. Hakutugombeza.

"Mtoto wenu anaimba muzuri," akanong'ona.

Nyuma ya mlango wa chumba cha kazi, Doudou alikuwa anaimba.

Nikapiga magoti. "Honoré, nisamehe. Shika draivu yako. Nipe mtoto wangu."

Nikangoja. Wimbo haukukatika. Nikafungua mlango... kimya. Kiti kitupu, meza, koleo zake. Nikaiweka draivu mezani, nikatoka, nikafunga.

Wimbo ukaanza tena.

Nilitaka kufungua mara ya pili. Gracieuse akanitoa mkono kwenye kitasa.

"Usifungue."

Alivua viatu, akakaa sakafuni, akaegemea mlango na kuanza kuitikia wimbo wa mwanawe. Nilimsihi twende nyumbani. Niliogopa, na nilimwambia hivyo.

"Enda wewe," akasema bila kunitazama. "Miye nimefika."