Siku Tovuti ya Asali ya Mbuba Ilipohama

Mimi nilikuwepo, na atakayekuambia hakuniona ni yule niliyemkalia mbele akatazama mgongo wangu. Nashona viatu kwenye kibaraza cha duka lile la asali pale Ngara mjini, hatua nne kutoka kwenye meza ya Eufrazia, na masikio haya yamewahi kusikia mchwa wakigombana ndani ya nguzo. Kwa hiyo kaa, usinikatize.

Jambo lilianza kwa sekunde moja.

Eufrazia alikuwa mjane wa miezi minane. Mumewe, Aristides, alifia kwenye pikipiki barabara ya Mugoma, simu yake ikasagika pamoja naye, na tangu siku ya kuzika mama huyu hakulia wala hakucheka. Alipima asali, akafunga vifuniko, akala alichowekewa. Ukimuuliza kama ana njaa, alifikiri kwanza. Kitu kimoja tu alikuwa amekishika: tovuti ya duka. Aristides aliitengeneza kwa mikono yake, na ndani yake aliacha sauti ya sekunde arobaini akiwafundisha wateja kutambua asali halisi. "Chukua njiti ya kiberiti, ichovye, iwashe. Ikiwaka, hiyo ni yetu ya Mbuba." Kisha njiti inakwaruzwa, chwaa, na mwenyewe anacheka kidogo. Sauti ile haikubaki pengine popote duniani.

Ikaja taarifa kwamba mfumo ule wa zamani unaoendesha tovuti unafungwa mwisho wa mwezi, na kilichomo kitapotea. Mfumo wenyewe uliicheza sauti lakini haukukubali kuitoa peke yake. Ilibidi tovuti nzima ihamie mfumo mpya. Akaitwa Mihayo, fundi wa kompyuta kutoka Biharamulo, Msukuma mnene wa watoto watano, rafiki wa marehemu.

"Shemeji, tazama," alisema. "Wenye ruhusa ya kuandika humu ni wawili, Aristides na wewe. Ukibonyeza hapa mnahama wote. Picha, maneno, na mzee mwenyewe na kiberiti chake."

"Ngoja," alisema Eufrazia.

Akaleta rubisi, pombe ya ndizi, kwenye kikombe. Kwao nyumba haihamwi kimyakimya. Yeye na mumewe walipohama nyumba yao ya Keza, mama mkwe wake alimwaga pombe kidogo kizingitini akawaarifu wafu wa mji ule, wasije wakabaki kwenye nyumba tupu wakiuliza watu wamekwenda wapi. Eufrazia akamwaga funda moja mguuni pa meza, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma bei: "Tunahama. Njooni nyote mnaokaa humu."

Mihayo akacheka mpaka kiti kikalia. "Shemeji! Na sisi kwetu tuna mizimu, ila haijawahi kutuomba bando."

Eufrazia akabonyeza.

Ilikuwa mchana, mvua inapiga bati. Walipoifungua sauti, Mihayo akakunja uso. "Arobaini na moja."

"Kwani?"

"Ilikuwa arobaini."

Kesho yake ikawa hamsini na mbili. Baada ya kicheko cha Aristides ilisikika njiti ya pili ikikwaruzwa, halafu ya tatu, mbali kidogo. Kwenye orodha ya wenye ruhusa ya kuandika yalikuwa majina tisa, saba kati yake kwa herufi ambazo hakuna aliyezijua. Duka lilinuka kiberiti kilichozimwa sasa hivi, na humo dukani hakukuwa na kiberiti. Eufrazia alisikiliza, akapima asali, akasikiliza tena. Hakuhisi kitu.

Ijumaa sauti ilifika dakika nne, na ndani yake, nyuma ya Aristides aliyekuwa akirudia maneno yaleyale bila kupumzika, viti vilivutwa, watu wakakohoa, njiti zikawashwa moja baada ya moja kama watu wanaopita kwenye ukumbi wa giza wakitafuta mlango, na kila njiti ilikwaruzwa karibu zaidi na ile iliyotangulia, mpaka ya mwisho ikasikika si ndani ya kompyuta bali chini ya meza, pale ilipomwagwa rubisi.

"Shemeji," Mihayo alinong'ona, "ulimwita nani?"

"Wanaokaa mle."

"Mle? Ile mashine ya zamani iko ng'ambo, imelaza tovuti za watu maelfu kama gesti ya stendi! Unajua nani anakaa mle?"

"Aristides."

"Na wengine?"

Eufrazia akafikiri kwanza. "Sijui."

Mama mkwe, Ildefonsa, akaja kutoka Keza, rozari shingoni, kibuyu cha rubisi mkononi. Hakuitikia hata shikamoo. Alisikiliza yote, akajifuta mdomo.

"Huyu ni mwanangu. Hawa wanaomshika shati siwajui. Wamepita kwa mlango wake, watarudi naye. Wewe uliyewaita ndiye utakayewaondoa."

"Na sauti yake?"

"Itakwenda."

"Basi wakae, mama. Mimi siogopi."

"Hicho ndicho wanachokipenda kwako."

Hapo sauti kwenye kompyuta ikaacha maneno yake ya siku zote. Ikasema polepole, karibu kabisa: "Eufra. Njiti inaniunguza vidole."

Safari hii Eufrazia hakufikiri kwanza. Akachukua kibuyu, akamwaga, akasema: "Rudini mlikotoka. Nyote mnaokaa humu."

Ildefonsa aliruka kumziba mdomo. Akachelewa.

Harufu ikakatika. Mihayo alitazama orodha ikipungua: tisa, sita, matatu. Jina la Aristides likafutika. Likabaki moja, la Eufrazia, mwandishi wa pili wa nyumba ile, na yeye alikuwa anakaa humo kama wenzake. Nalo likafutika.

Sasa wateja husema mama amepona. Anapima asali, anafunga vifuniko. Ukimuuliza kama ana njaa, hafikiri tena, anajibu papo hapo, "Hapana." Hakuna anayeona tofauti ila Ildefonsa, ambaye hamwiti tena kwa jina.

Tovuti ya zamani ilitakiwa ife mwisho wa mwezi. Bado inafunguka. Hakuna picha wala bei, ni sauti tu ya sekunde arobaini, na sasa ni ya mwanamke. "Chukua njiti ya kiberiti, ichovye, iwashe." Kisha analia, yeye ambaye hakulia hata kaburini.

Yote nimekueleza kama yalivyokuwa, isipokuwa kitu kimoja nilichokitunga: hizo sekunde arobaini za mwisho. Urefu wake siujui. Niliifungua Jumatatu asubuhi, kiatu cha mtu mapajani, na hadi ninapokusimulia haya haijaisha.