Kompyuta Iliyovalishwa Koti

Mtaa mzima ulimwita Mzee Pindo, kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka mpaka nguo yenyewe ichakae. Kwa miaka thelathini na moja alikula jasho la cherehani yake. Kisha mgongo ukagoma. Daktari alimwambia asishone zaidi ya saa moja kwa siku. Sasa fundi gani anayeshona saa moja kwa siku? Siku hiyo alirudi nyumbani mnyonge, akajiona hana kazi tena duniani.

Lakini bahati haikumtupa mkono. Chuo cha ufundi cha jirani kilitafuta mtu wa kufundisha kushona makoti. Mkuu wa chuo, mama asiyependa maneno mengi, alimpa masomo mawili ya majaribio, Jumanne na Ijumaa. Kila somo lingekuwa la kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mzee Pindo asingeweza kusimama ubaoni akichora siku nzima. Kwa hiyo binti yake alimwachia kompyuta ndogo ya kukunja, akamfundisha kutengeneza slaidi. Unaweka picha, unaandika maneno machache, kisha picha zinaonekana kubwa ukutani, moja baada ya nyingine.

Mzee Pindo akanogewa. Alipiga picha kila mshono kwa simu yake, akazipanga zote. Slaidi zikafika mia moja na arobaini. Aliipenda ile kompyuta hadi akaishonea koti. Lilikuwa koti zuri, tusimnyime haki yake: kitambaa kizito cha kijivu, bitana laini, sponji katikati na vifungo viwili pembeni. Lilifunika kila mahali isipokuwa kioo na vitufe. Hata wakati wa kazi kompyuta haikuvuliwa koti lake.

Jumanne somo lilianza vizuri. Hadi saa nne slaidi zilikwenda bila shida. Saa tano zikaanza kujivuta. Saa sita Mzee Pindo alifika kwenye mkono wa koti, pale ambapo mafundi wengi huumbuka. Picha ikatokea nusu, ikakwama. Alibonyeza. Akabonyeza tena. Kwa hasira akabonyeza mara nane mfululizo. Baada ya kimya kirefu, slaidi kumi zikapita kwa mkupuo, na mkono wa koti ukapotea nazo.

Wanafunzi kumi na wawili wakaangua kicheko. Mkuu wa chuo alikuwa amesimama mlangoni, naye hakucheka.

"Ijumaa nitakaa darasani tangu mwanzo," alisema. "Ikiwa hivi tena, itabidi nitafute mtu mwingine."

Jioni mkewe alimkuta amekaa barazani, chai yake imepoa.

"Baba watoto, somo limekwendaje?"

"Vizuri."

"Vizuri gani huko, na uso umekushuka hivyo?"

Mzee Pindo akashusha pumzi. Akamweleza yote. "Kompyuta imezeeka, mke wangu, kama mimi. Kesho nitamwambia yule mama basi, nimeacha."

"Usiache. Mwite fundi wa kompyuta hapo mkabala."

"Nimwite yule msichana? Fundi mzima mimi, nikaulize kwa fundi?"

"Kwani yeye akichanika sketi anashona mwenyewe? Si anakuletea wewe?" mkewe akamjibu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mimi sitaki kukuona umekaa hapa barazani kila siku ukihesabu wapita njia."

Fundi wa kompyuta akaitwa, mwanamke kijana mwenye miwani aliyoifunga kamba shingoni.

"Shikamoo baba. Mgonjwa yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Huyo hapo mezani, bado amewashwa."

Fundi aliigusa kompyuta, akarudisha mkono haraka. "Mbona ana homa? Nani kamvika koti?"

"Mimi," alisema Mzee Pindo kwa fahari. "Vumbi haliingii hata kidogo."

"Na hewa pia haiingii. Hebu mvue." Fundi aliigeuza kompyuta. "Unaona matundu haya? Ndani kuna feni. Hewa inaingia hapa, joto linatoka hapa pembeni. Joto likizidi, kompyuta inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Koti hili ivalishe ukiwa safarini, tena ikiwa imezimwa. Kazini iweke kwenye meza ngumu. Si kwenye mto, wala kitandani."

Mkewe alikohoa. Alijua nani huweka kompyuta kwenye mto.

"Mara ya mwisho umeizima lini?"

"Kila jioni naikunja."

"Kuikunja ni kuilaza tu. Nauliza kuizima kabisa."

Mzee Pindo akahesabu vidole. "Tangu binti yangu aondoke. Siku kumi na tisa. Lakini mwanangu, sisi nguo haitolewi kwenye cherehani kabla mshono haujaisha."

"Kwa cherehani ni sawa, baba. Hii ina namna yake. Ndani ina kumbukumbu ya kazi. Hiyo ni kama meza yako ya kukatia. Ukileta nguo ya mteja wa pili juu ya ile ya kwanza, na ya tatu juu ya ya pili, usiondoe hata moja, utakatia wapi?"

"Sitapata hata pa kuweka mkasi."

"Basi ndivyo ilivyo. Programu ya slaidi ikikaa wazi siku nyingi, meza inajaa." Fundi alitazama kioo, akaanza kusoma. "Umefungua Koti. Umefungua Koti Jipya. Umefungua Koti la Mwisho. Na hili je? Koti la Mwisho Kabisa."

Mkewe alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Mzee Pindo naye akacheka, kidogo.

Fundi hakufanya lolote yeye mwenyewe. Alimwambia Mzee Pindo afanye kwa mkono wake, kwa maana Ijumaa hangekuwepo. Mzee akahifadhi kazi, akafunga yale makoti yote manne, akaizima kompyuta na kuiwasha upya. Kisha wakatazama picha. Zilikuwa nzito mno, kwa sababu zilitoka kwenye simu moja kwa moja. Akaweka nakala pembeni kwanza, ndipo akaenda kwenye sehemu ya kupunguza ukubwa wa picha. Alikosea mara mbili, ya tatu akapata. Mwisho akaligawa somo mafungu manne: mwili, mifuko, kola na mikono.

"Kila mapumziko, hifadhi fungu moja, lifunge, fungua jingine," alisema fundi. "Ikijivuta, usiibonyezebonyeze. Kila ukibonyeza unaiongezea kazi. Subiri itulie, hifadhi, funga programu, ifungue tena. Ukifanya yote hayo na bado ikasumbua, niletee. Huenda ina kasoro nyingine."

Mzee Pindo aliandika kila neno kwenye daftari lake la vipimo. Alhamisi alifanya mazoezi tangu asubuhi hadi alasiri, mkewe akiwa mwanafunzi, tena mwanafunzi mbishi.

Ijumaa mkuu wa chuo alikaa kiti cha nyuma. Kompyuta ilikaa kwenye meza tupu, bila koti. Mwili wa koti ukapita. Mifuko ikapita, kola nayo ikapita. Saa saba wakafika kwenye mkono. Mzee Pindo akabonyeza, na picha ikachelewa. Lakini vidole vyake aliviweka nyuma ya mgongo.

"Simameni mnyooshe migongo kidogo," aliwaambia wanafunzi. "Mgongo una thamani, niulizeni mimi."

Kompyuta ikatulia. Akahifadhi, akafunga programu, akaifungua tena. Picha ikaja nzima, mshono ukaonekana uzi kwa uzi. Akaeleza taratibu. Mwanafunzi mmoja mwenye vidole vinene akashona mkono kwenye koti lake, na ule mkono ukaanguka sawasawa, bila kikunjo begani.

Mkuu wa chuo akainuka, akaja mbele. Akaugusa ule mshono.

"Rudisha ile picha," alisema. "Koti langu mkono wa kushoto umenivuta mwaka wa tatu huu. Nataka kuona mlipokosea nyinyi mafundi."

Mzee Pindo akairudisha. Ikaja papo hapo. Mama yule akaitazama, akakubali kwa kichwa, kisha akachukua daftari lake aondoke.

"Jumatatu saa mbili, Mwalimu," alisema. "Usichelewe."

Kwa miaka thelathini na moja watu walimwita fundi. Mzee Pindo akageuka nyuma kutazama ni mwalimu gani ameingia. Hakumwona mtu.