Fundo la Mbegu za Saga

Soko la Kitengela siku ya Jumamosi halina subira na mtu anayesimama bila kununua, na Soipan alikuwa amesimama mbele ya kibanda kimoja dakika kumi nzima. Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka 2004. Ukungu ulikuwa bado umelalia mbuga, na ng'ambo ya nyumba za kupanga pundamilia watatu walisimama kama watu waliopotea njia ya kwenda kanisani. Soipan alivaa suruali ya jinzi, sweta ya kijani na bangili pana ya shanga aliyoshonewa na mama yake. Hakuwa akiangalia mboga. Alikuwa akiangalia leso kuukuu iliyofungwa fundo pembeni, pale kati ya mafungu ya saga na managu, mboga za kienyeji.

"Madam, saga ni kumi, managu ni kumi," kijana wa kibanda akamwambia. "Kuangalia ni bure, lakini usiangalie mpaka zinyauke."

"Hiyo leso ni ya mwaka gani?"

"Unataka kununua leso?"

"Nataka kuiomba. Iende makumbusho."

Kijana akacheka hadi akalazimika kuweka chini fungu alilokuwa akifunga. Jina lake Wakhungu, miaka ishirini na miwili, fundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River, na kila Jumamosi alimsaidia mama yake sokoni. Alikuwa na shingo ndefu na shati jeupe lililopigwa pasi kama la mtu anayekwenda kuapishwa.

"Mama," akaita, "kuna msichana hapa anataka leso yako aiweke museum."

Mama Naliaka akainua kichwa kutoka kwenye gunia. "Kwani anaona nimekufa?"

"Hapana, mama," Soipan akasema. "Ndiyo maana nimekuja mapema."

Hapo mama naye akacheka, na anayemjua Naliaka anajua kwamba hacheki ovyo na watu asiowajua. Soipan akaeleza shida yake. Kule Kajiado, katika nyumba ya zamani ya mawe karibu na reli, yeye na kamati ya wazee walikuwa wakiandaa maonyesho juu ya watu waliohamia huku kutafuta kazi.

"Niko na helmeti nne," akasema. "Niko na buti za kiwanda na barua za kuandikwa kazi. Ukiingia hapo utadhani hakuna mwanamke aliwahi kuhama."

"Na hiyo leso itasema nini?" Wakhungu akauliza.

"Wewe ndio leso?" mama akamkata. Kisha akamgeukia Soipan. "Kuja nyumbani kesho. Tutaongea ukiwa umekula."

Basi ndivyo mambo yalivyoanza. Soipan akaja Jumapili hiyo, na Jumapili iliyofuata, na ya tatu, daftari mkononi. Ilipofika ya nne daftari lilibaki kwenye mkoba, kwa sababu Mama Naliaka alikuwa kwa ibada ya akina mama na aliyefungua mlango ni Wakhungu.

Simu nazo zikaanza. Wakhungu alikuwa mtu wa kuflash, simu ilie mara moja kisha aikate. Flashi moja ilikuwa salamu, mbili zilimaanisha nimekukumbuka, na ya tatu Soipan alijua amepata kredo ya simu, atapiga mwenyewe.

"Supa, mrembo."

"Ipa. Leo Kimaasai umesema vizuri. Jana ulinisalimia kama unaita ng'ombe."

"Si ng'ombe ndio mnapenda kuliko watu?"

"Ng'ombe hawaflash. Wakitaka kitu wanalia."

Jioni walitembea hadi pale nyumba zilipoishia, nyasi zikawa za dhahabu na vilima vya Ngong vikageuka rangi ya moshi. Vumbi la ng'ombe wanaorudi lilisimama hewani likang'aa, na Soipan akajiona kama yumo ndani ya usingizi mtamu ambao hata mtu akimwita hataitika. Alimpenda. Alilijua hilo waziwazi, na lilimtia hofu kidogo.

"Mimi nilizaliwa hapa," Wakhungu alimwambia siku moja. "Lakini mtu akisikia jina langu ananiuliza nimetoka wapi. Mtaniweka wapi kwa hiyo maonyesho yenu?"

"Na mimi je? Hapo unalala, baba yangu alikuwa anachungia. Siku hizi nikipita askari wa geti ananiuliza natafuta nani."

Wakacheka. Kisha Wakhungu akamsimulia habari za baba yake, marehemu, aliyefariki mwaka 1996. Jinsi alivyotoka Bungoma mwaka 1979, peke yake, bila kumjua mtu. Jinsi alivyolala nje ya geti la kiwanda cha saruji siku tisa hadi akaandikwa. Jinsi alivyopata chumba ndipo akamwita mkewe. Aliisimulia vizuri. Alikuwa ameisimulia shuleni, kanisani, na hata kwenye hotuba ya mazishi.

Soipan akainama akaanza kung'oa miiba ya nyasi kwenye sketi yake. Naliaka alikuwa amemweleza tofauti. Aliyekuja kwanza mwaka 1979 ni yeye, na fundo la mbegu kwenye leso. Mume alifuata miaka miwili baadaye. "Andika hivyo," mama alikuwa amesema, "lakini huyu kijana niachie. Nitamwambia mwenyewe kabla hamjafungua." Na Soipan aliahidi. Miezi ikapita. Mkesha wa ufunguzi akampigia simu mama kuhakikisha. "Nimeshaongea naye," Naliaka akajibu. "Wewe bandika tu."

Siku ya ufunguzi, mwezi wa Desemba, jua la Kajiado lilikuwa kali na anga halina hata wingu la kusingizia. Wakhungu alivaa koti la kijivu la baba yake. Moyoni alikuwa na jambo moja: baada ya hotuba angemwomba Soipan ruhusa ya kuleta wazee kwao Kisaju. Alimkuta mlangoni, gauni la buluu, shanga nyeupe na nyekundu zimezunguka shingo, na kwa muda akasahau alitaka kusema nini.

"Ingia kwanza," Soipan akamnong'oneza. "Leso iko mwisho."

Akapita helmeti, akapita buti, akafika. Leso ilikuwa imetandazwa chini ya kioo, fundo lake bado limefungwa, na kando yake kibuyu kidogo cha mbegu nyeusi. Akasoma maandishi.

*Naliaka alifika Kitengela mwaka 1979, peke yake, akiwa na mbegu hizi. Aliwauzia saga wafanyakazi wa kiwanda ambao walikuwa hawajaonja mboga za kwao kwa miaka. Mumewe alimfuata mwaka 1981.*

Akasoma tena. Nyuma yake mgeni mmoja akamwambia mwenzake, "Kumbe mama ndio alimleta mzee," wakacheka kidogo. Hawakuwa na ubaya. Lakini koti la kijivu likamchoma Wakhungu kama limetoka jikoni.

Akamvuta Soipan nje, karibu na reli.

"Nani alikwambia hizi uongo?"

Soipan akamtazama usoni, akaelewa papo hapo kwamba mama hakuwa ameongea na mtu. Naliaka mwenyewe alikuwa ndani, ameketi safu ya mbele na kitambaa kipya kichwani, wazee wa kamati wakimpa mkono. Kusema ukweli sasa kungekuwa kumwaibisha mbele ya watu.

"Tuongee kesho," akasema. "Tafadhali, Wakhungu."

"Kesho ya nini? Nilikusimulia baba yangu nikiwa nimekushika mkono. Ulikuwa umenyamaza unanichekea moyoni." Akaonyesha mlango kwa kidole. "Na hata jina hamna. 'Mumewe.' Baba yangu alikuwa na jina. Anaitwa Nalianya. Liseme."

Soipan akashika shanga za shingoni.

"Liseme mara moja tu."

Hakuweza. Akasimama pale na shanga zake, machozi yakimlengalenga, midomo imebana. Wakhungu akaona dharau pale ambapo hapakuwa na dharau yoyote. Akageuka akaenda zake, na lile ombi la wazee likabaki kwenye koti la marehemu.

Wiki tano hakuflash. Soipan alipiga mara mbili, simu ikakatwa, naye pia ana kiburi chake, akaacha. Krismasi ikapita bila ladha. Januari, Jumamosi moja, Wakhungu akafika kibandani akamkuta mama yake ameketi tu, mboga hazijafungwa mafungu.

"Huyo msichana hakudanganya," Naliaka akasema bila salamu. "Aliyedanganya ni mimi. Nilimwambia nimeshakuambia."

Wakhungu akavuta kreti akakaa.

"Nilikuja mimi kwanza. Baba yako alikuwa nyumbani, mwaka mzima bila kazi, anaona haya hata kwenda kanisani. Nikasikia huku kuna watu wetu wamejaa kiwandani. Nikafunga mbegu, nikaja. Hawa majirani walinicheka, ati nakula nyasi ya ng'ombe. Lakini watu wa kiwanda walikuwa wananunua kabla sijatua gunia. Nyapara mmoja alikuwa anapenda saga yangu sana. Nikamwomba kazi ya mume wangu. Alilala kwa geti siku tisa, hiyo ni kweli. Lakini mimi ndio nilikuwa nampelekea chakula."

"Kwa nini hamkusema?"

"Wanaume wangemcheka, ati ameletwa na bibi. Nikampa ile safari ya kwanza. Haikunipunguzia kitu. Alikuwa mtu mzuri."

"Na mimi, mama? Mimi mtoto wako. Msichana wa watu anajua, mimi sijui?"

Naliaka akachukua fungu la saga, akaanza kulipanga majani. "Yeye aliniuliza. Wewe ulikuwa unauliza baba alikuja lini. Mimi ulikuwa unaniuliza chakula iko wapi."

Mchana huohuo Wakhungu alikuwa Kajiado. Chumba cha maonyesho kilikuwa kitupu, mwanga wa alasiri umeingia kwa dirisha moja na vumbi linaelea ndani yake polepole, na Soipan alikuwa akipangusa vioo, kichwa amefunga skafu.

"Tumefunga," akasema bila kugeuka.

"Nimekuja kuomba msamaha. Hiyo pia imefungwa?"

Akageuka. Hakutabasamu. "Mama yako amekuambia."

"Ameniambia. Uliponyamaza ulikuwa unamlinda. Mimi nikakutukana." Akasogea hatua moja. "Lakini jina, Soipan. Jina kwa nini ulishindwa?"

Soipan akakunja kitambaa mara mbili, tatu. "Bibi yangu alikufa nikiwa na miaka tisa. Alinilea. Toka siku hiyo hakuna mtu nyumbani amewahi kutaja jina lake, na hatutamwita mtoto hivyo. Kwetu marehemu hatajwi. Ndio heshima. Nilivyoandika 'mumewe', nilikuwa nampa baba yako heshima yenye niko nayo. Halafu wewe unaniambia niliseme, hapo mbele ya reli, kama matusi."

Wakhungu akakaa kwenye benchi la wageni. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeumia. "Kwetu ni kinyume. Jina la marehemu tunampa mtoto, liitwe kila asubuhi. Linatumwa chumvi. Likivunja kikombe linagombezwa. Tusipoliita, tunaona tumemtupa mzee nje usiku."

Wakatazamana. Soipan akaenda hadi kwenye kioo cha leso, akakifungua kwa ufunguo, akatoa kile kikaratasi cha maandishi na kalamu.

"Andika wewe," akasema. "Wewe unaruhusiwa."

Akaandika juu ya neno *Mumewe*, kwa herufi za fundi, zilizonyooka: *Nalianya*. Maneno mengine yote akayaacha yalivyokuwa. Mama alifika kwanza, baba akamfuata.

Gari moshi la magadi likapita nje, mabehewa mengi, vioo vyote vikatetemeka na mbegu zikacheza ndani ya kibuyu. Wakangoja lipite.

"Soipan. Nikileta wazee Kisaju, baba yako atanifukuza?"

"Atakuuliza umetoka wapi."

"Nitamwambia Kitengela."

"Sema hivyo. Atacheka, halafu atakukaribisha."

"Na Mungu akitupa kijana." Akageuza kalamu mkononi. "Mimi ni mtoto wa kwanza. Jina la kwanza ni la baba. Utamwitaje, wewe usiyetaja?"

Soipan akakaa kando yake. Safari hii Wakhungu hakumharakisha. Mwanga ulikuwa umefika kwenye leso, fundo likaonekana kama limefungwa asubuhi ileile.

"Huyo atakuwa hai," akasema mwishowe. "Aliye hai anaitwa." Akavuta pumzi, akamshika mkono. "Nalianya," akasema polepole. "Nalianya, kuja ule. Nalianya, nani amevunja hiki kikombe?"