Mzigo wa Ukindu wa Bi Mwanabibi

Kila siku akitoka shuleni, Sihaba alivua sare, akala alichokikuta kwenye sufuria, kisha akaenda kwenye banda la shangazi yake, Semeni, nyuma ya stendi ya mabasi ya Kibiti. Alikuwa darasa la sita. Kazi zake pale zilikuwa kufagia, kuchana ukindu, yale majani ya mkindu ya kusukia, na kuuanika. Kazi zenyewe hazikuwa ngumu. Mgumu alikuwa shangazi.

Watu wa Kibiti walishindwa kusema Semeni anafanya kazi gani hasa. Ndiye aliyechora vichwa vya wanawake kwenye kuta za saluni, mpaka wateja wakawa wanaomba misuko ambayo haijawahi kusukwa na mtu. Alitengeneza batiki, alifinyanga vyungu, na harusini aliimba nyimbo alizotunga mwenyewe. "Yule hana kazi moja," majirani walisema, nao hawakuficha kicheko chao. Mwaka huu alikuwa ameshikwa na jambo jipya, na lilimkosesha raha kabisa. Jambo hilo lilikuwa vifungashio.

"Hebu tazama hii!" alifoka, akiinua pakiti ya korosho aliyoinunua stendi. "Korosho nzima, nyeupe, zimekaangwa zikakaangika, halafu mtu anazitia kwenye mfuko wa nailoni kama ubuyu wa watoto! Mnunuzi atajuaje kwamba zimetoka Kibiti? Atajuaje kwamba kuna mtu kazitolea jasho?"

Jibu lake lilikuwa kikasha kidogo cha ukindu, chenye mfuniko na mistari ya rangi. Bwana Ashrafu, mwenye duka la vyakula, alikubali kujaribu vikasha thelathini. Alivitaka Jumamosi ya wiki iliyofuata, avipeleke kwenye maonyesho.

"Vikipendwa, nitaagiza kila mwezi," alisema. "Vikinikwamisha, Dada Semeni, narudi kwenye mifuko yangu."

Ukindu ulitoka Nyamisati, kule delta mto unakoingilia baharini, kwa mama mmoja wa makamo aitwaye Bi Mwanabibi. Yeye mwenyewe aliukata, akaukausha, akaufunga. Lakini njiani ulipata unyevunyevu, kwa hiyo ulipofika Kibiti ilibidi mzigo ufunguliwe, uanikwe juani siku kadhaa, na kuanuliwa kabla ya jioni. Kazi hiyo ilikuwa ya Sihaba.

Ijumaa aliuanika kwenye kamba, kisha akakimbilia kucheza rede na rafiki yake Nasra. Mchezo ulinoga. Mvua ikashuka ghafla, na mpaka Sihaba anafika bandani, nusu ya ukindu ilikuwa chapachapa.

Alijua la kufanya. Alipaswa kuutandaza ndani, jani moja moja, na kesho yake kuutoa tena juani. Lakini alisikia sauti ya shangazi ikija, akaogopa. Akaukusanya ule uliolowa, akauzungushia ule mkavu, akafunga kamba vizuri. Kwa nje mzigo ulipendeza.

"Umeuanua ukindu?" Semeni aliuliza.

"Nimeuanua, Shangazi."

Akajiambia kwamba hajasema uongo.

Jumanne, maji ya rangi yakiwa yanachemka jikoni, Semeni alikata kamba. Harufu ya uvundo ilimpiga puani. Katikati ya mzigo ukindu ulikuwa umeshika kuvu, umejaa madoadoa meusi.

"Salale! Kanichanganyia na mbichi!" alipiga kelele. "Kauchanganya mbichi na mkavu, mzigo uonekane mkubwa, hata jua la hapa halikuukausha! Na mimi nilimwamini kama mama yangu!"

Sihaba alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Aliitua, akaanza kufagia palipokwisha kufagiwa. Semeni alimpigia simu Bi Mwanabibi mara tatu, mtandao ukagoma. Basi kwa hasira akarekodi ujumbe wa sauti, akautuma kwenye kundi la WhatsApp la wasusi wa mikeka wa wilaya nzima: "Jamani, muwe macho na ukindu wa Bi Mwanabibi wa Nyamisati. Mimi keshanitia hasara."

Majibu hayakukawia. Msusi mmoja alisema ameghairi kununua mzigo wake. Jioni akafuata wa pili, na Jumatano alasiri wa tatu. Sihaba alisikia kila ujumbe, na kila mmoja ulimchoma. Aliikasirikia mvua. Alimkasirikia shangazi aliyetangaza kabla ya kuuliza. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, na bado hakusema.

Alhamisi mchana Bi Mwanabibi aliingia bandani. Alikuwa ameondoka Nyamisati alfajiri, na vumbi la njiani lilikuwa bado limemganda kwenye kanga. Alimwitikia Sihaba "marahaba", akautua chini mzigo mpya wa ukindu, akaufungua mwenyewe mpaka katikati. Mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba ya mkindu.

"Tazama, mwanangu," alimwambia Semeni. "Nimekata mkindu tangu marehemu mama yangu yu hai. Wiki hii wenzako watatu wameukataa mzigo wangu. Sikuja kuwabembeleza wanunue. Nimekuja uniambie usoni kwamba mimi ni mwizi."

Semeni aliinua kitita kilichooza. "Na huu, Bi Mwanabibi? Ukindu mkavu hauozi wenyewe!"

"Ulinyeshewa hapa," Sihaba alisema.

Wote wawili wakageuka.

"Ijumaa. Nilikwenda kucheza, mvua ikanyesha. Nikauficha uliolowa ndani ya ule mkavu."

"Mimi nilikuuliza!"

"Uliniuliza kama nimeuanua, na mimi..."

"Usinichezee maneno, Sihaba!" Semeni alikitupa kile kitita chini kwa hasira. Kisha akamtazama mama aliyesimama mbele yake, na hasira ikageuka aibu. Alishuka kwenye kigoda, akaketi chini. "Nisamehe, Bi Mwanabibi. Nimekuvunjia heshima kwa jambo ambalo sikulichunguza."

"Wewe nimekusamehe," Bi Mwanabibi alijibu taratibu. "Lakini hao wengine hawapo hapa. Umaskini nimeuzoea, mwanangu. Kuitwa mwizi sijazoea."

Semeni alichukua simu. Sihaba akanyoosha mkono.

"Naomba niseme mimi, Shangazi."

Akarekodi: "Mimi ni Sihaba, ninayefanya kazi kwa Shangazi Semeni. Ukindu wa Bi Mwanabibi ulikuwa mzuri na mkavu. Niliuharibu mimi kwa uzembe, nikanyamaza mpaka yeye akasingiziwa. Naombeni mrudi kununua kwake."

Msusi mmoja alijibu papo hapo kwamba mzigo wake anautaka. Wawili walikaa kimya. Kesho yake Semeni aliwafuata mmoja baada ya mwingine nyumbani kwao, akawaomba radhi kwa maneno yake, na wote wakaagiza ukindu tena.

Kuanzia Alhamisi ile shangazi na mtoto walisuka kila dakika waliyoipata, kwa ukindu mpya ambao Bi Mwanabibi aliubeba mwenyewe usipate unyevu, akakubali kuuacha. Hata hivyo, Jumamosi Bwana Ashrafu alikuta vikasha kumi na vinane tu. Semeni hakumtafutia visingizio, alimweleza yote. Bwana Ashrafu alinuna, akavigeuza, akavinusa kimoja kimoja.

"Vilivyobaki nivikute wiki ijayo," alisema mwishowe, "na viwe vikavu kama hivi."

Alipoondoka, Semeni alimketisha Sihaba karibu yake. Hakuwa anafoka tena.

"Miezi yote hii nawapigia watu kelele kuhusu vifungashio," alisema. "Kifungashio chema humwonyesha mtu kilichomo ndani. Wewe ulichukua ukindu safi ukaufanya wa kufichia uvundo, na mimi ninayejiita fundi nikahukumu bila kuuliza. Ungeniambia siku ile ile, ningekugombeza, tungeuanika upya, na Jumapili ungekuwa umekauka. Kunyeshewa lilikuwa kosa dogo. Kulificha kwako ndiko kulikompandisha gari mama wa watu, kutoka Nyamisati mpaka hapa, kuja kuthibitisha kwamba yeye si mwizi. Ukikosea tena, na utakosea, nataka nilisikie kosa lako kutoka kwako, likiwa bado bichi."

"Nimeelewa, Shangazi," Sihaba alisema, machozi yakimlengalenga.