Nilimwita Abby Mwizi wa RAM

Nilimwaga mkoba wa Abby mezani, wateja wakitazama!

Kitana. Mafuta ya midomo. Biblia ndogo. Pedi...

"Mama Lewis, unatafuta nini?" Abby aliuliza.

"RAM yangu! Umemuuzia nani?"

Wapendwa, nisomeni hadi mwisho ndipo mnitukane.

Nina cyber ndogo, duka la kompyuta na intaneti, hapa Molo, na Abby ndiye alikuwa mfanyakazi wangu. Kompyuta ya kaunta ni kuukuu, lakini ndiyo hunilisha. Wiki hiyo ilianza kupiga bip-bip na kukataa kuwaka. Ikiwaka, inatambaa. Nikaangalia memory... 2GB! Na nilipoinunua ilikuwa 4GB, vipande viwili vya RAM vya kubeba hiyo memory, nilivishika kwa mikono yangu.

Nani hufungua duka asubuhi akiwa peke yake? Abby.

"Woiye, hata sijui hiyo mashine inafunguliwa wapi!"

"Wezi wote husema hivyo!"

Nikamfukuza. Haikunitosha! Nikaweka picha yake kwa group la wafanyabiashara wa Molo: "Chungeni huyu msichana."

Alikuwa ameahidiwa kazi kwa ofisi ya maziwa. Jioni hiyo hiyo walimpigia simu wakamwambia asije.

Kesho yake fundi Kipyegon akatoka Nakuru kuniwekea RAM mpya. Akafungua kifuniko, akachungulia.

"Mathe, RAM ziko mbili."

"Ati nini?!"

"Ziko, lakini moja haisomwi. Na haya manyoya ni ya nini?"

Nikainama kuangalia. Manyoya ya vifaranga wangu!

Mnajua baridi ya huku. Nilikuwa naweka katoni ya vifaranga nyuma ya CPU, hapo hewa ya moto hutokea. Walikuwa wananawiri! Kumbe manyoya na vumbi la chakula chao vilikuwa vinaruka na kuvutwa na feni kupitia matundu ya ubavuni hadi ndani. Abby aliwahi kunisihi niwatoe. Nilimwambia kuku si wake.

Kipyegon akatoa RAM zote, akajaribu moja moja, akabadilisha slot, pale zinapochomekwa. Akasafisha uchafu, kisha akasugua zile sehemu za dhahabu kwa rubber ya shule, ile ya kufutia penseli. Akawasha.

Hakuna bip. 4GB!

Rubber, jamani! Nimechafua jina la mtoto wa wenyewe kwa kitu kinachosafishwa na rubber.

Nikaenda kwao nimebeba unga na sukari. Abby alinisimamisha mlangoni.

"Mama Lewis, ulinisema wapi?"

"Kwa group..."

"Basi hiyo sukari rudi nayo. Niombe msamaha huko huko."

Nikaandika haya mnayosoma. Nikampa simu ayapitie kwanza. Alisoma polepole, akafika mwisho, akafuta mstari mmoja.

Nilikuwa nimeandika, "Hata wewe ungemshuku."

"Hiyo si kuomba msamaha," akasema. "Hiyo ni kujitetea."

Nikaongeza haya aliyoniambia, ndipo nikatuma.

Ndugu zangu, kagueni mashine kabla hamjakagua mkoba wa mtu. Na ninyi wa ofisi ya maziwa, najua mko humu. Abby hakuniibia chochote. Ni mimi niliyemwibia jina na kazi, na sijui kama nitaweza kumrudishia.