Uyoga Ambao Hakuugusa

Sokoni hapakuwa na pa kukanyaga. Mtafiti, pindo la gauni lake la manjano mkononi lisiguse tope, alifika kwenye meza ya uyoga wa porini akataka vikapu vyote.

"Vyote? Dada, una watoto wangapi?" aliuliza fundi simu, ambaye siku hiyo alikuwa akimshikia mama yake meza.

"Sina hata mmoja. Naupeleka maabara, nione kama unadhuru seli za mwili au unazilinda."

"Basi chukua na namba yangu. Seli zikilalamika, nipigie."

Alipiga kabla hata hajazigusa hizo seli. Mapenzi nayo hayakukawia: yeye akawa "Daktari wa Uyoga", fundi akawa "mpenzi", hadi wakapanga siku ya kwenda kumwona mama yake fundi.

Siku mbili kabla, seli zote alizotilia dawa aliyokamua kwenye uyoga ule zilikutwa zimekufa. Bosi wake wa maabara akamwonya: asimwambie mtu mpaka kipimo kirudiwe, la sivyo kazi hana.

Na mama alipakua nini? Uyoga uleule.

"Nimeshiba, mama," mtafiti alisema, akasogeza sahani. Mama alikula na mwanawe tu, uso umemshuka.

Jioni simu ililia.

"Chakula cha kwetu kimekutia kinyaa?"

"Sivyo, mpenzi."

"Ila?"

"Siwezi kusema sasa hivi."

"Basi usiseme kabisa." Akakata.

Mtafiti aliporudia kipimo, alijiona mjinga. Uyoga alikuwa ameulowesha kwenye spiriti, na kwa haraka zake hakuiacha ikauke yote. Spiriti ndiyo iliyoua. Safari hii aliikausha kabisa. Seli zikabaki hai, na hata alipozitilia sumu, zile zilizotangulia kupata uyoga zilistahimili kuliko nyingine. Alirukaruka kwa furaha, kisha akamkumbuka mama akitafuna. Alivua koti jeupe akaenda moja kwa moja nyumbani kwa fundi na mama yake, akaeleza yote.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo siku ile uliamini ni sumu?"

"Ndiyo."

"Ukamwacha mama yangu ale?"

"Niliogopa kufukuzwa kazi. Nikajipa moyo kwamba mmekula miaka yote hamjadhurika."

"Lakini wewe hukuugusa."

Machozi yalimtoka mtafiti.

"Mwache mwenzio," mama alisema, sauti ikimtetemeka kidogo. "Amekuja kusema mwenyewe." Akapakua uyoga. Mtafiti akala, sahani nzima.

"Siku nyingine ukijua jambo la kutudhuru?" fundi aliuliza, bado amesimama mlangoni.

"Nitasema hapo hapo. Kazi na iende."

"Nakupenda, ndiyo maana imeniuma hivi." Akaja kukaa, lakini upande wa pili wa mama yake, akala bila kumtazama. Sahani yake ilipoisha, alinyoosha mkono akasukuma bakuli mbele ya mtafiti.

"Ongeza, Daktari."